Mdudu Aliyeruka Karatasi

Vijana wa chumba cha kushonea vitabu waliniletea daftari na bic mbili, wakasema: mama, utuandikie mambo ya kazi kabla hujasahau. Bic moja haikuwa na wino. Naanza na hilo ili wajue kwamba hata nikiwa nyumbani Bel-Air, miguu juu ya kigoda, bado ninakagua kila kinacholetwa.

Nilisoma miaka minne ya shule, basi. Kiswahili hiki ni kile cha katekisimu; Padri anasema hata mtu wa Kigoma atakisoma. Lakini watu wanaosema humu ndani nitawaacha waseme kama tunavyosema Lubumbashi, maana ukimnyoosha mtu maneno, si yake tena. Mshahara sitauandika. Mnaujua, ndio wenu. Na juu ya vyeo sina cha kusema.

Niliingia katika nyumba ya watawa kwa mlango wa kufulia. Mwaka mzima nilifua mashuka na kanzu. Siku moja Frère Anselme, mtawa mzee wa Ubelgiji aliyeshika maktaba, alitoka akitafuta mtu wa kumsaidia kubeba kitabu kutoka rafuni mpaka mezani. Kitabu gani kinabebwa na watu wawili? Nilidhani kuna kazi nyingine anayoificha. Nikapangusa mikono, nikaingia nikiacha mlango wazi. Kumbe kitabu kilikuwepo kweli: kirefu mpaka kiunoni kwangu, mbao mbili zilizovikwa ngozi nyeusi, vifungo vya shaba pembeni. Alipokifungua nilipata harufu, nikainama.

"Unasikia nini, Mama Monga?"

"Ngozi ya ndama."

"Bengine banasema ni ya mbuzi."

"Abo bengine habajue mbuzi."

Baba yangu alitengeneza ngoma, upande wa Kipushi, na mimi tangu mtoto nilikwangua ngozi zake. Vitundu vya manyoya ya mbuzi vinakaa kwa mistari mifupi mifupi. Vya ndama vimetawanyika sawasawa. Ngozi ya kondoo ina mafuta, inateleza chini ya kidole, na ukiitesa inaachana tabaka mbili. Hayo hakuna shule iliyonifundisha. Nilimwambia Frère hivyo hivyo. Kesho yake niliambiwa mashuka yatafuliwa na mwingine.

Alinipa blouse, koti la kazi la bluu, na meza karibu na dirisha, akasema kazi yangu ya kwanza ni kuangalia bila kugusa. Siku tatu. Siku ya nne akauliza nimeona nini. Nikamwambia aliyekiandika alitumia wino wa namna mbili. Panya ameonja kona ya chini. Kuna ukurasa ambao watu waliupenda kuliko mingine, maana kona yake ni nyeusi kwa vidole. Na mahali pamoja ngozi ilikuwa na tundu tangu ilipokwanguliwa, kwa sababu mwandishi aliliruka tundu, akaendelea upande wa pili.

"Na maneno?" akauliza.

"Maneno sijue."

"Muzuri. Maneno inadanganya macho."

Ni kitabu cha nyimbo za misa kwa Kilatini, kilichoandikwa kwa mkono huko Ulaya zaidi ya miaka mia tano iliyopita. Watawa wa kwanza walikuja nacho ndani ya sanduku la mbao, meli, kisha treni. Ni kikubwa hivyo kwa sababu waimbaji wote walisimama mbele ya kitabu kimoja. Kila mstari wa wimbo una nyuzi nne nyekundu za wino, na juu yake alama nyeusi za pembe nne, kama misumari isiyo na mwili. Mpaka leo siwezi kusoma neno moja ndani yake.

Vijana, shikeni hili kwanza, la sivyo yanayofuata hamtayaelewa. Ngozi moja inakunjwa katikati, inatoa karatasi mbili. Ngozi kadhaa zilizokunjwa zinaingizwa moja ndani ya nyingine, zinashonwa pamoja kwenye mkunjo. Hilo ni fungu. Kitabu ni mafungu yaliyopangwa. Katika kitabu hiki mafungu yana ngozi nne nne. Na kila ngozi ina upande wa manyoya, wenye unjano na vitundu, na upande wa nyama, mweupe na laini.

Frère alinifundisha kushuku kama wengine wanavyofundisha watoto kusali. Taa ya juu usiiamini. Weka taa pembeni, iwe chini, ipite juu ya ukurasa kama jua la asubuhi, hapo kila mkwaruzo unatoa kivuli. Mkono uwe safi na mkavu, uwe mtupu. Wageni wanakuja na glavu nyeupe, wanajiona madaktari, na mkono ndani ya glavu hausikii kitu. Mtu akikusifia kitabu kabla ya kukifungua, usimwache peke yake nacho. Sikuhitaji kufundishwa sana. Nilizaliwa hivyo. Mume wangu marehemu alikuwa akisema nikipewa maji nanusa kwanza.

Mwaka wa tatu mvua ilipita kwenye bati ikalowesha rafu ya kitabu kikubwa. Fungu la mwisho lililowa, uzi wake ulikuwa umeoza. Frère aliukata, tukazitandaza ngozi katikati ya vitambaa, tukaziwekea mbao na mawe. Ngozi iliyolowa inataka kurudi mnyama, inajikunja, inatafuta mgongo wake. Tulikuwa tunabadili vitambaa asubuhi na jioni. Zilipokauka, Frère alishikwa na malaria, akalazwa. Nikaona zikikaa hivyo panya atamaliza alichoanza. Nilikuwa nimeshazipa namba kwa penseli, pembeni kabisa, kila ngozi na namba yake, kama alivyoniagiza. Nikazikunja, nikazipanga kwa namba, nikazishona peke yangu kwa mara ya kwanza, nikafuta penseli kwa nyama ya mkate, ile laini ya ndani. Frère alipopona alivuta uzi kwa kidole, akasikiliza, akasema: "Hii itakamata." Nilifurahi wiki nzima na sikumwonyesha mtu.

Mwaka mmoja au miwili baadaye ndipo aliponifundisha sheria ya manyoya. Waandishi wa zamani walipanga ngozi ili ukifungua kitabu popote, manyoya yaangalie manyoya, nyama iangalie nyama, kurasa mbili zilizo mbele yako ziwe rangi moja. Ukikuta manyoya yanaangalia nyama, kuna mtu amepita hapo. "Sawa na polisi," nikamwambia. Akacheka, akakohoa. Uzee ulipomzidi walimrudisha kwao, akafia huko. Aliniachia kiti chake na taa yake.

Miaka mingi baadaye wakaniletea Kalenga. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini, fundi wa viatu kabla ya hapo, mwenye mkono mwepesi na adabu nyingi. Nilimshuku siku ile ile kwa sababu alipiga hodi vizuri mno. Sikupata kitu. Miaka tisa tulikaa meza mbili zinazotazamana. Alijifunza kila kitu nilichokuwa nacho, na mimi kila jioni nilihesabu sindano.

Kisha dada yangu akafa Kolwezi, nikaenda kilio siku kumi. Kalenga alibaki peke yake na maktaba. Niliporudi niliona mambo matatu. La kwanza, kitabu kikubwa kilikuwa kimesogea rafuni upana wa vidole viwili. La pili, jioni moja alitoka amebeba kitu bapa, kipana, kimefungwa magazeti, akakishika kwapani kwa uangalifu kama mtu aliyebeba mayai. La tatu, alikuwa anajenga nyumba kule Ruashi, na kaka yake ni dereva wa lori, kila wiki yuko kwenye foleni ya Kasumbalesa kuvuka kwenda Zambia. Niliyaweka mambo hayo pamoja kichwani. Sikumuuliza Kalenga hata moja. Mwizi ukimuuliza unamfundisha.

Mwezi uliofuata alikuja Madame Hélène, mtaalamu wa vitabu vya zamani. Kazi yake ni rangi na herufi kubwa zilizopambwa. Nyimbo si mambo yake. Alipiga picha siku mbili, bila glavu, kwa hiyo nilimpa heshima kidogo. Siku ya tatu alituita. Tulikuwa watatu mezani, mimi, yeye na Padri Ildefonse, mkubwa wa nyumba. Alikuwa amefungua fungu la mwisho. Alisema kwa Kifaransa, Padri akanigeuzia kwa Kiswahili.

"Madame anasema huku kuko ngozi moja inakosa. Angaria, mafungu yote iko na nne. Hii iko na tatu. Na hapa katikati manyoya inaangaria nyama. Na wimbo inakatika katikati ya neno, ukurasa ya mbele inaanza neno ingine."

Niliinama. Ilikuwa kweli. Manyoya yalikuwa yanaangalia nyama, mahali pawili. Nilihisi damu inapanda, na nitasema ukweli, haikuwa huzuni. Ilikuwa kama mtu aliyengoja basi muda mrefu na sasa analiona linakuja.

"Nani alibakia na kitabu wakati ulienda ku kilio?" Padri akauliza.

"Kalenga."

"Yeye peke?"

"Yeye peke. Na alitoka na kintu bapa mu gazeti."

Padri aliketi. Alisema kitabu si mali ya nyumba tu, lazima awaandikie barua wakubwa wa juu, na lazima awapelekee polisi jina. Atangoja mpaka Jumatatu, ili Kalenga airudishe kama anayo. Ilikuwa Jumatano. Walimwita Kalenga pale pale, wakamwomba ufunguo wa maktaba.

"Padri, niko natumika hapa miaka kenda," akasema. "Unaniomba kifunguo tu? Hata kuniuliza haukuniuliza."

"Nakuuliza sasa. Ngozi iko wapi?"

"Ngozi gani?"

Kisha akanigeukia mimi. "Mama, na weye uko unaamini hii?"

"Miye siamini kitu. Niko naangaria."

"Ulishamaliza kuangaria," akasema, akaweka ufunguo juu ya meza, taratibu, akatoka.

Alhamisi Padri alinitaka niseme mbele yake yote niliyoyaona, yeye aandike, mimi niweke sahihi. Nikamwambia kabla ya sahihi nataka kujua Kalenga alifanyaje. Polisi watauliza kisu gani, upande gani, nami sitaki kusimama mbele yao kama mtu anayesimulia ndoto. Nikachukua taa ya Frère, nikafunga mlango.

Nilitafuta kisu kwanza. Mtu akikata karatasi anaacha kisiki kwenye mkunjo, na ncha ya kisu inaacha mstari kwenye karatasi ya chini. Hakukuwa na kisiki wala mstari. Basi hakukata, alitoa ngozi nzima. Lakini ngozi nzima haitoki bila kukata uzi. Nikafungua katikati ya fungu, nikaangalia uzi. Mimi ni wa mkono wa kushoto. Fundo langu linalalia kushoto, na mkia wake naupitisha mara mbili. Fundo lilikuwa langu. Uzi ulikuwa umegeuka njano, na chini yake vumbi la miaka limekaa kwenye mkunjo, halijaguswa. Tangu niliposhona, hakuna mtu aliyelifumua fungu lile. Si Kalenga, si mwingine.

Ningepaswa kufurahi. Nilikasirika. Nilikuwa na mwizi, na sasa nimenyang'anywa.

Kazi ya kushuku haipendi kukaa bila mtu. Kama ngozi haikutoka baada ya kushona, ilitoka kabla, siku zile fungu lilipokuwa limefunguliwa. Na kabla tulikuwa wawili. Basi nikamshuku Frère Anselme. Marehemu, mwalimu wangu, aliyenitoa kwenye mashuka. Nilikaa na wazo hilo mpaka saa ya chakula, nikaona jinsi linavyokaa vizuri: mzungu mzee, kitabu cha kwao, malaria ambayo mimi sikuiona kwa macho, niliambiwa tu. Hata chakula sikwenda kula.

Mchana nilianza upya kama alivyonifundisha, pembeni, bila maneno. Kwenye ukingo wa juu wa karatasi kulikuwa na tundu la mdudu. Huyu ni mdudu mdogo anayekula vitabu. Akiingia anapita moja kwa moja, karatasi kwa karatasi, tundu lake linasogea kidogo kidogo, mpaka ashibe au afe. Nikamfuata. Fungu lile lilikuwa na ngozi tatu, yaani karatasi sita. Karatasi ya kwanza, tundu. Ya pili, tundu. Ya tatu, safi, hakuna kitu. Ya nne, tundu. Ya tano na ya sita, safi.

Nilirudia mara nne. Mdudu alikula mbili, akaruka moja, akala nyingine. Nimewaona wadudu wengi katika kazi hii, na wana tabia mbaya, lakini sijaona anayeruka. Hawezi kufika ya nne bila kutoboa ya tatu.

Karatasi ya tatu na ya nne ni ngozi moja, ile ya katikati kabisa. Nikachukua gazeti, nikalikunja kama ngozi ile, nikatoboa upande mmoja kwa sindano, nikaligeuza kwa kulikunja kinyume, ndani ikawa nje. Karatasi ya mbele ikaenda nyuma, ya nyuma ikaja mbele. Tundu likahama kutoka ya tatu kwenda ya nne. Nikalikunja tena kwa njia ya kwanza: tundu, tundu, tundu, safi, safi, safi. Na kwa mkunjo huo manyoya yangeangalia manyoya, nyama ingeangalia nyama, bila ngozi yoyote kuongezwa.

Hakuna kilichopotea. Ngozi ya katikati ilikuwa imekunjwa kinyume. Fungu la mwisho lilikuwa na ngozi tatu tangu mwanzo, kwa sababu wimbo uliisha, na mwandishi hakuwa na haja ya ya nne.

Kulikuwa bado na mlango mmoja wa kutokea, nao ni kwamba walioshona kabla yetu ndio waliogeuza, nami nilirudisha kama nilivyokuta. Nikalaza taa chini kabisa, pembeni. Nilikuwa nimefuta penseli kwa mkate, lakini wakati ule nilikandamiza sana, kama watu waliojifunza kuandika wakiwa wakubwa. Mkate unaondoa weusi, shimo hauliondoi. Kwenye kona ya ngozi ya kwanza kulikuwa na 1. Ya pili, 2. Ya tatu, 3, na tumbo lake la chini kubwa kuliko la juu, ndivyo ninavyoiandika mpaka leo. Moja, mbili, tatu, za mkono wangu, na hakuna nne. Kwenye ngozi mbili za kwanza namba ilikuwa nje ya mkunjo, mahali nilipoziweka zote tatu. Ya tatu ilikuwa ndani. Mimi ndiye niliyeikunja vibaya. Nilikuwa nimeipa kila ngozi namba, sikuweka alama ya upande upi ni wa ndani, na Frère alikuwa kitandani akitetemeka na malaria ya kweli.

Nilikwenda kwa Padri nikiwa nimevaa blouse ya kazi.

"Padri, ngozi haikupotea."

"Iko wapi?"

"Iko ndani. Inakunjwa vibaya. Ile inafwata karatasi ya pili si ya tatu, ni ya ine."

"Nani aliikunja vile?"

"Miye."

"Lini?"

"Mu wakati ya Frère. Kabla weye uingie seminari."

Hakuamini, na hapo nilimpenda. Alimwita Madame Hélène. Niliwaonyesha uzi, mdudu, gazeti, namba. Madame alivaa miwani, akalaza taa mwenyewe. Kisha Padri, ambaye anajua Kilatini na alikuwa hajalisoma fungu lile mwenyewe kwa sababu alimwamini mgeni, akaweka kidole mwisho wa karatasi ya pili, kwenye lile neno lililokatika, akavuka mpaka juu ya ile ya nne. Akasoma. Akarudi nyuma akasoma tena, akaanza kuimba kwa sauti ndogo, akatoka ya nne akarudi ya tatu, akatoka ya tatu akaenda ya tano, na wimbo haukukatika mahali popote. Madame alisema kitu kwa Kifaransa. Padri hakunigeuzia, lakini neno pardon nalijua.

"Nitamutuma muntu kwa Kalenga," Padri akasema.

"Hapana. Nitaenda."

Jumamosi nilikwenda Ruashi. Nyumba yake iko upande unaoona mlima wa taka za mgodi, matofali ya saruji, bado haijapakwa. Kalenga alikuwa ameketi kwenye kiti kizingitini akichonga fremu ya mlango. Mke wake ndiye aliyenisalimia.

"Karibu, mama. Kiti iko moja, na mwenyewe eko anaikala."

Nikasimama.

"Umekuja kuhesabu mabati?" Kalenga akauliza bila kuinua macho.

"Nimekuja kusema nilikosa."

"Ulikosa ku nini? Ku kitabu ao ku miye?"

"Ku yote mbili. Ya kitabu ni ya zamani. Ya kwako ni ya hii wiki."

Nikamweleza. Aliposikia habari ya mdudu aliacha kuchonga, maana ni fundi, hakuweza kujizuia. Akauliza tundu lilikuwa juu au chini. Juu, nikasema. Akaitikia kwa kichwa, kisha akakumbuka kwamba amekasirika.

"Na kile kintu mu gazeti?" nikauliza. Ndivyo nilivyo, hata pale niliuliza.

Alionyesha kwa patasi. Kwenye ukuta wa mbele kulikuwa na dirisha moja lenye kioo. Mengine yalikuwa na plastiki.

"Ungeniuliza," akasema. "Ile jioni. Ningefungua gazeti, unaona, unaenda kulala."

"Najua."

"Na kitabu nilikisogeza sababu nilipangusa vumbi. Weye njo ulinifundisha kupangusa."

Mke wake alicheka kidogo, si kicheko kizuri. Nikamwambia Kalenga kwamba Padri anamngoja Jumatatu, ufunguo uko mezani kwake, jina lake halijaenda polisi.

"Hapa unasema kwa nani?" akajibu. "Muke yangu? Yeye hakunishuku. Enda useme kule ulisema."

"Nilisema kwa Padri peke."

"Na mupishi alijua kabla ya saa sita. Na mulinzi. Na mama wa mboga ku mulango, hata salamu hakunipatia tena. Useme ku abo bote, miye nikiwa pale. Bila vile, sirudi."

Jumatatu saa moja na nusu, kabla ya kazi, nilisimama uani mbele ya wapishi, mlinzi, watu wa bustani, mafundi. Mama wa mboga nilimwita mwenyewe, akaja na beseni lake. Kalenga alisimama nyuma karibu na bomba. Nikasema kwamba Kalenga hakuchukua kitu, kwamba mimi ndiye niliyemtaja, na kwamba kosa lililomfanya aonekane mwizi nililifanya mimi kwa mikono yangu, nikalifurahia wiki nzima. Watu waliangalia chini. Mpishi, ambaye hajawahi kuniogopa, akauliza:

"Donc mulozi njo weye, Mama Monga?"

"Njo miye." Ndiyo, mchawi alikuwa mimi.

Walicheka, na mama wa mboga akaenda kumshika Kalenga mkono.

Wiki ile tulilifungua fungu. Nilikata uzi wangu mimi mwenyewe, Kalenga akakunja ngozi ya tatu kwa njia yake ya haki na kushona. Kabla ya hapo aliandika namba kwa penseli laini, na kando ya kila namba akaweka mshale mdogo unaoangalia ndani ya mkunjo. Nanyi mfanye hivyo daima. Namba peke yake haitoshi.

Jioni ya Jumatatu ile, siku yake ya kwanza kurudi, kabla ya kwenda nyumbani, Kalenga alikuja mbele ya meza yangu, akaweka mfuko wake juu, akaufungua. Sahani ya chakula, chaja ya simu, kitambaa. Akangoja.

"Kalenga, hakuna muntu anakuuliza."

"Najua, mama."

Alifanya hivyo kesho yake, na siku zote zilizofuata, miaka sita, mpaka nilipotoka kazini. Nilimkataza. Nilimkaripia. Siku moja nilitoka mapema makusudi. Asubuhi yake akaufungua kabla hajavaa blouse. Hakuwa na hasira tena, tulikunywa chai pamoja, aliniita kwenye ubatizo wa mtoto wake. Lakini mfuko alifungua. Mwanzoni niligeuza uso. Kisha nikaona kugeuza uso nako ni uongo. Nikawa naangalia, mpaka chini, na kusema asante.

Siku yangu ya mwisho, mwaka huu, baada ya keki na maneno ya Padri, nilibeba mfuko wangu nikauweka juu ya meza ya Kalenga, nikaufungua. Nilidhani atasema, ah, mama, acha. Aliweka kazi yake kando, akasogeza taa. Akatoa kitenge, akakikunjua. Akatoa termosi, akafungua kifuniko. Chini kabisa akakuta kisu kidogo cha kupunguzia ngozi, chenye mpini uliofungwa uzi mwekundu.

"Hii iko ya kazi," akasema.

"Nilikinoa miye miaka yote."

"Kunoa si kununua, mama."

Nilifikiri. Kilikuwepo mezani siku niliyoingia. Frère hakuwahi kusema ni changu. Kalenga alikiweka pamoja na vingine, akarudisha termosi na kitenge vizuri kuliko nilivyovipanga mimi, akafunga mfuko, akanipa kwa mikono miwili.

Nikapita.

Ndicho kisu mnachotumia sasa. Kinoeni upande mmoja tu, ule wa kulia, na msikiache kwenye maji.